Harusi Isisikike Kama Msiba

Katika miaka ile hapakuwa na mtu Bukoba nzima, wala Muleba, aliyeweza kuufanya muziki wa kinanda na mashine usikike mkubwa na msafi kama mimi. Nasema hivyo bila kuona haya. Walikuwapo wanaume wa disko pale mjini, wenye maspika marefu kama makabati na miwani ya jua ndani ya ukumbi, nao walijua njia moja tu ya kufanya kazi, kuzungusha kila kitufe mpaka mwisho. Sauti ikikwaruza wanasema hiyo ndiyo nguvu. Ukiwauliza mbona hatusikii mwimbaji anasema nini, wanakujibu kwamba watu wamekuja kucheza, hawakuja kusikiliza hotuba. Mimi nilikuwa nawacheka tu. Kelele hata bati likipigwa na mvua linazo.

Masikio yangu yalifundishwa na vita. Nilikuwa msichana wa shule ndege za adui zilipokuja kutupa mabomu mjini, nasi tukaondoka Buhembe usiku uleule na magodoro kichwani kwenda Kanazi kwa bibi yangu, mama mzaa baba. Kule kila mtu alijifunza kusikiliza mbali. Upepo ukikaa vizuri tulisikia mngurumo kutoka upande wa mto Kagera, na palepale radi nazo zinanguruma ziwani, maana ziwa letu halichoki radi. Watu wazima walikuwa wanabishana: ni mzinga huo, hapana, ni mvua. Mimi nilikuwa nawaambia na sikosei. Radi huanza kwa kupasuka halafu inaburuta mkia mrefu. Mzinga ni mfupi, unakata. Baba alikuwa akinitazama kabla hajaamua kama tuingie ndani au tuendelee kumenya ndizi, na msichana wa umri wangu kutazamwa na baba namna ile si jambo dogo.

Vita vilipokwisha tulirudi Buhembe, nikakua, nikawa mpiga kinanda kanisani. Alikuwapo mwalimu mgeni wa muziki aliyetusaidia na kwaya. Alipomaliza muda wake aliniachia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kinanda cha umeme chenye midundo ndani yake. Cha pili kilikuwa mashine ya kurekodi inayotumia kanda ya kawaida lakini ina njia nne, yaani unarekodi mdundo peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, sauti za watu peke yake, kisha unavichanganya. Hiki unakipandisha, kile unakishusha, mpaka vikae pamoja bila kukanyagana. Watu walidhani ni kazi ya kubofya tu. Thubutu! Ni kama kupika, na chumvi ikishazidi huitoi.

Mwanzoni nilikuwa nachanganya nyumbani Buhembe, chini ya bati. Mle ndani muziki ulisikika unang'aa na kurukaruka, nikajua nimemaliza. Nikiutoa nje, lo, umekuwa mzito na umezibwa, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Nilihangaika, nikalaumu kanda, nikalaumu maikrofoni, nikalaumu wanakwaya, nikagombana na kila mtu pale nyumbani mpaka mama akaniambia niende Kanazi nikamwangalie bibi, watu wapumue.

Bibi alikuwa bado anakaa kwenye mushonge, ile nyumba yetu ya asili ya mviringo iliyoezekwa nyasi kuanzia kileleni mpaka karibu na ardhi. Sakafuni alitandika nyasi laini kutoka rweya, mbuga zetu zisizolimwa, na alizibadilisha mara kwa mara, kwa sababu kwetu mgeni hakanyagi nyasi chakavu. Niliingia, nikainama kumsalimu, halafu sijui ni nini kilichonisukuma, nikapiga kofi moja kubwa. Likalia, likafa hapohapo. Nikapiga jingine. Hakuna kilichorudi. Nyasi za juu na nyasi za chini zilikuwa zimelimeza lote. Bibi aliacha kumenya ndizi akauliza kama nimerukwa na akili.

Kumbe muda wote lile bati la Buhembe ndilo lililokuwa likinidanganya. Liliongeza mng'ao ambao kwenye kanda haumo, nami nikawa napunguza sauti nyembamba kwa kuamini zimezidi. Nilihamisha kila kitu kwenda Kanazi wiki ileile. Mashine ilitumia betri ya gari, kinanda nacho hivyohivyo, na bibi akanipa upande mmoja wa nyumba kwa sharti kwamba nisiwatishe kuku. Mle ndani kosa halikuwa na pa kujificha. Wanaume wa disko walipopata habari wakaniita fundi wa nyasi, wakidhani wananitukana. Niliandika jina hilo kwa rangi nyekundu kwenye sanduku la amplifaya nikalizungusha mkoa mzima.

Kisha ukaja ugonjwa. Wengine waliuita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu, wengine hawakuuita chochote, walisema tu fulani haamki siku hizi. Sitaki kueleza sana, kila nyumba ya kwetu ina habari yake. Ninachotaka kijulikane ni jinsi ulivyobadilisha masikio ya watu. Kwetu msiba ukitokea jembe linalala, halimwi shamba. Na ukisikia kilio kutoka kilima cha ng'ambo, huulizi kwanza ni nani. Unatupa jembe, unaweka mikono kichwani, unaanza kulia palepale njiani, na ukifika ndipo unajua unamlilia nani. Ndiyo heshima. Mtu akija na macho makavu akasimama pembeni kuulizia habari, ataonekana hana adabu. Sasa katika miaka ile vilio vilikuwa vingi mno, na watu walilima huku sikio moja limeinuliwa kama mbuzi aliyesikia mbwa.

Basi kulikuwa na harusi moja upande wa Muleba, nyumba siitaji. Waliwaleta wale wa disko la mjini. Wakafunga spika za honi juu ya mti, zile za mdomo mpana za matangazo, wakafungulia mpaka mwisho kama kawaida yao. Spika ya honi haina besi, kwa hiyo mdundo wote ulibaki uani. Kilichovuka bonde kilikuwa sauti za akina mama tu, wanaimba kwa kuvuta, zimekwaruzika, zinapandana na mwangwi wao wenyewe. Ng'ambo wakasikia kilio. Walitupa majembe wote. Wakateremka na mikono kichwani, wengine na kuni, wengine na mikungu ya ndizi ya kuwapikia wafiwa, wakaingia uani wakimlilia baba wa bibi harusi. Naye baba amekaa kwenye kiti, amevaa suti, ana soda mkononi.

Mkoa ulicheka. Hata mimi nilicheka, nikasema si niliwaambia? Lakini waliokuwapo walinisimulia kwamba bibi harusi alianguka chini akilia pamoja na wale waliokuja kulia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha mpaka gari la bwana harusi lilipofika.

Haukupita muda mrefu nikaitwa niende Nshamba. Aliyeniita alikuwa mzee mmoja aliyeendesha lori la kahawa maisha yake yote. Mkewe alikuwa ameshafariki, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, nilipomwona sikuhitaji kuambiwa ugonjwa gani. Alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mikono imebaki mifupa, lakini sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele makuli. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa. Sherehe ya kumuaga ilikwisha ahirishwa na kuahirishwa, kwa sababu kila walipopanga, msiba ulitokea kwa jirani, na huwezi kupiga muziki jirani yako akilia.

"Nimesikia muziki wako hauna takataka," akaniambia.

"Hauna, mzee."

"Unajua kilichotokea kwenye ile harusi nyingine?"

"Nakijua."

"Yule baba alikuwa mzima, kwa hiyo watu walicheka wakaenda zao. Mimi nitazame. Kilima kile chote kinangoja habari yangu. Wakisikia kelele yoyote kutoka uani kwangu watajua imekwisha. Wakiingia hapa wanalia, watakuwa wamenizika mbele ya mwanangu, siku ya harusi yake. Unanielewa?"

Nilimwelewa.

Dada yake, shangazi wa bibi harusi, alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Yeye ndiye aliyekuwa akimwuguza, na alikuwa mkali kama pilipili. "Dawa ya hilo ni rahisi," akasema. "Muziki usipigwe kabisa. Bibi harusi aagwe kimya kimya, wimbo mmoja wa kitabu, sala, basi. Wewe mtoto wa Buhembe rudi na mitambo yako. Hamuoni kwamba ndani ya nyumba kuna mgonjwa? Mwacheni kaka yangu apumzike."

"Dada," mzee akasema, "nitapumzika sana. Usiwe na haraka."

Akageuza uso kunitazama tena. Hakutaka harusi ya kunong'ona. Alitaka kilima chote cha ng'ambo kisikie, na kinachosikika kiwe harusi, kusiwe na mtu hata mmoja wa kukosea. Nilimwambia nitaweza. Nilisema kwa kifua mbele, kama ninavyosema kila kitu, ila nilipokuwa narudi Kanazi nimekaa juu ya magunia ya kahawa, nilianza kuhesabu nisivyokuwa navyo. Kanda yenyewe sikuwa nayo. Na pale Nshamba nisingeweza kuifanyia majaribio, kwa sababu jaribio la kwanza tu likiharibika wangekuja wanalia kabla hata ya siku ya harusi.

Nikaleta akina mama wa kwaya yetu ya Buhembe mpaka ndani ya mushonge. Nilikuwa nimetunga wimbo wa kumuaga binti, mdundo na besi vya kinanda chini, sauti zao juu. Wakaimba vizuri ajabu. Nikajaza kila njia, nikapenda kila kitu, sikutaka kupunguza hata kimoja. Sindano za mashine zinazopima sauti zilikuwa zinagonga kwenye nyekundu, nikasema leo ni leo. Bibi alikuwa ameondoka kwenda ng'ambo ya bonde kwa rafiki yake kutafuna kahawa na kupiga soga. Sikumwambia lolote. Nikafunga honi juu ya mti mwisho wa kibanja, yaani shamba la migomba la bibi, nikaielekeza kule, nikafungulia.

Wimbo haukuwa umefika mbali nilipomwona bibi anatokea kwenye migomba ya ng'ambo. Anakimbia. Bibi yangu aliyekuwa akilalamika magoti kila asubuhi, anateremka mbio bondeni, mikono kichwani, kitambaa cha kichwa kimeanguka, analia "Mawe! Mawe!", yaani mama yangu kwa Kihaya, na nyuma yake wanakuja majirani. Alifikiri nimekufa. Nani mwingine angekuwa wa kuliliwa nyumbani kwake, wakati aliniacha pale peke yangu? Aliponikuta nimesimama mzima kando ya amplifaya alinipiga kofi, akanikumbatia, kisha akanipiga kofi la pili kubwa kuliko la kwanza.

Majirani ilibidi wapewe kahawa ya kutafuna na maelezo. Nilijieleza mpaka jasho likanitoka. Moyoni nilikuwa na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo, wala si kwa sababu ya kofi. Nilikuwa nimewacheka wanaume wa disko mkoa mzima, na sasa muziki wangu mwenyewe umemliza bibi yangu mwenyewe. Ningekuwa nimeufungulia Nshamba ingekuwaje? Nikamwona akilini yule mzee kando ya dirisha lake.

Asubuhi yake nilikaa na ile kanda nikaubomoa ule mchanganyo wote. Nyimbo zetu za kumuaga binti zina machozi ndani yake, hiyo ndiyo asili yake. Mama anaimba kwa kuvuta kwa sababu mtoto anaondoka. Ukizivuta vile kwenye honi, bonde nalo likazivuta tena, zinakuwa kilio kabisa. Kwa hiyo nikawaita tena wale akina mama nikawaambia waimbe kwa kukata. Wakakataa. Kiongozi wao akasema wimbo wa kumuaga binti haukatwi, hiyo itakuwa kama mchakamchaka wa shule. Tulibishana nusu siku. Mwishowe nikawaambia, "Imbeni kama mnamfukuza mbuzi kwenye maharage!" Wakacheka, na katika kule kucheka wakaimba sawasawa nilivyotaka. Kicheko chao kidogo kilibaki kwenye kanda, sikukifuta.

Halafu mdundo. Ngoma ya kinanda ilikuwa chini mno, honi isingeweza kuibeba. Nikachukua vijiti viwili vya mbuni mkavu, nikavigonga karibu kabisa na maikrofoni, na kila pigo la ngoma nikaliwekea mlio wa kijiti juu yake, mkavu, mfupi, unaokata. Ile hesabu ya radi na mzinga. Kitufe cha mwangwi nikakifunga na sikukigusa tena; mwangwi bonde litaleta lenyewe. Nilisimama mwisho wa kibanja nikapiga makofi na kungoja mpaka kofi lirudi kutoka ng'ambo, kisha nikapunguza mwendo wa wimbo ili lile linalorudi liangukie kwenye nafasi tupu kati ya pigo na pigo. Mabonde ya kwetu hayapishani sana kwa upana, nikajua la Nshamba litanisamehe kidogo. Akina mama wakiimba, kinanda kinanyamaza. Kinanda kikijibu, wao wanavuta pumzi. Sindano hazikugusa nyekundu hata mara moja, lakini ukisikiliza utaapa kwamba nimeongeza sauti. Kila kitu kilikuwa na mahali pake pa kusimama, ndiyo maana kilisikika kikubwa.

Majirani wa upande ule walishanijua, wasingefaa tena kwa majaribio. Bibi ndiye aliyesema twende upande wa pili wa kijiji, penye kilima kingine ambacho watu wake hawajui ujinga wangu. Tukabeba. Nikafungulia. Kule ng'ambo mwanamke mmoja alikuwa akipalilia, nikamwona anainua kichwa, jembe limesimama hewani. Nilishika mkono wa bibi kwa nguvu. Yule mwanamke akaweka jembe begani, akaweka kiganja mdomoni akapaza sauti:

"Enyi huko! Mnamuoza nani?"

Kabla sijafungua mdomo bibi akajibu kwa sauti ambayo haikuhitaji spika, "Mimi! Naolewa mimi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Hakuna sifa niliyowahi kupewa na mtu yeyote, wa mjini wala wa kanisani, iliyofikia lile swali.

Siku ya harusi ilikuwa angavu, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na msiba karibu. Nilifika Nshamba mapema. Jenereta nililiweka mbali, ndani ya shimo la wazi wanamoivishia ndizi za pombe, mngurumo wake uishie mlemle. Maspika ya besi niliyaweka chini uani, karibu na wachezaji, na honi juu ya mti, zimeitazama ng'ambo. Vijana wakaja mmoja mmoja kunishauri. Ongeza dada, mbona ndogo? Shangazi naye akipita anasema zima, zima kabla hujatuaibisha. Nilikuwa katikati yao nikiwa sina hata muda wa kunywa maji.

"Nikiongeza mtasikia ninyi tu," nikawaambia vijana. "Ondokeni kwenye vitufe vyangu."

Mzee alikataa kubaki kitandani. Walimvalisha suti yake, ikaninginia mwilini, wakamweka kwenye kiti chenye mito pale mlangoni, blanketi magotini, mahali anapoweza kuona njia inayopanda kutoka bondeni. Binti yake alikuwa ndani akivalishwa. Mzee akanitazama, akainua kidole kimoja. Nikafungulia.

Vijiti vikakata hewa. Tak, tak. Sauti za akina mama wangu wa Buhembe zikaingia kutoka kwenye kanda, kila neno limesimama peke yake, na kutoka ng'ambo bonde likarudisha pigo palepale nilipoliachia nafasi, ikawa kana kwamba kilima kile nacho kinapiga makofi. Uani watu wakaanza kucheza wenyewe. Mimi sikuwatazama. Nilikuwa natazama ng'ambo. Nilimwona mtu kwenye shamba anasimama wima. Halafu mwingine. Halafu wakapotea wote ndani ya migomba, na hapakuonekana tena mtu anayelima.

Wimbo uliisha bila hata mmoja wao kutokea. Nikageuza kanda, nikaendelea. Kisha wakatokea chini kwenye kijito, msururu mzima, wanawake mbele. Walikuwa wamebeba kuni. Walikuwa na mikungu ya ndizi vichwani. Kwetu kuni na ndizi hupelekwa harusini na hupelekwa msibani, na kutoka pale juu nisingeweza kutambua ni kwa lipi. Mikono yao ilikuwa juu, imeshika mizigo au imeshika vichwa, Mungu ndiye anajua.

Shangazi alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Wanakuja," akanong'ona. "Nilikwambia. Mama yangu, nilikwambia."

"Wanakujaje?" mzee akauliza kutoka kwenye kiti. Macho yake hayakufika tena mbali vile. Akauliza tena kwa sauti ya kugomba, "Nauliza, wanakujaje?"

"Ngoja, mzee," nikasema. Nilitaka kupunguza muziki niwasikie, mkono wangu ukaenda mpaka kwenye kitufe, nikauzuia. Kama nimefanya kazi yangu, nimeifanya. Nikaacha wimbo uende. Walizama kwenye kona ya njia, pale migomba inapofunika kila kitu, na muda wote huo nilikuwa naomba kwa Kihaya, maana Kiswahili kilinikimbia.

Walipotokea kwenye kona ya juu, miguu ndiyo niliyoiona kwanza. Ilikuwa inakanyaga kwenye pigo. Bibi mmoja mnene aliyetangulia, mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika, alitupa mikono pembeni na kupiga kigelegele, na wote nyuma yake wakakidaka, wakapanda nacho mpaka uani. Shangazi aliniachia mkono, akavua kitenge chake cha mabegani akakifunga kiunoni, akawakimbilia akicheza, yule aliyeniambia nizime. Niliwaona majirani wakimpita, wakija moja kwa moja kwenye kile kiti, wakitua mizigo, wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine kumpa mkono mwenye nyumba na kumpongeza kwa binti yake. Naye anawajibu kila mmoja, anamtania huyu, anamgombeza yule kwa kuchelewa.

Nilisogea karibu nimwulize kama sauti inamwumiza, nipunguze. Alitikisa kichwa. Alikuwa analia, na hakujifuta.

"Wangekuja tu hawa," akasema, "siku moja, wote hivihivi, na kuni hizihizi." Akashika mkono wangu. "Lakini leo wamekuja mimi nipo."